Nakala Isiyofutika

ALHAMISI, SAA 10:15 ALASIRI

Chumba cha nyuma cha duka la magodoro, Wete. Magodoro yamerundikwa mpaka darini, kwa hiyo neno likisemwa humo haliendi popote. Haroub alikichagua chumba kwa sababu hiyo, na kwa sababu duka ni la shemeji yake, na shemeji yake haulizi.

Walikaa wanne chini, wamezunguka ramani iliyochorwa kwenye boksi la televisheni. Haroub mwenyewe, mkubwa wao, mpana, kanzu safi, sauti ya upole. Hapakuwa na mtu mjini aliyewahi kumsikia akifoka. Jabir, fundi wa kufuli, aliyekaa jela miaka minne na kutoka na mikono ileile. Zubeir, dereva, mdomo haumtulii. Na Pandu.

Pandu hakuwa jambazi. Hivyo ndivyo alivyojiambia kila asubuhi akipiga pasi shati lake. Alikuwa fundi wa kompyuta wa Msingi Kumbukumbu, kampuni iliyopewa na vyama vya ushirika kazi ya kutunza orodha za wanachama, mazao na hati za mashamba. Ila cheti chake cha ufundi kilikuwa cha kughushi, na aliyemtafutia ni Haroub. Miaka sita Haroub hakukitaja. Mwaka huu alikitaja mara moja tu, kwa upole, wakinywa kahawa.

"Wasomeshe hawa," Haroub alisema. "Kwa Kiswahili cha watu."

Pandu akakohoa. "Kumbukumbu zilikuwa kwenye seva moja kuukuu. Bakapu yake ni diski sita, kila moja na ushirika wake. Makangale ni namba nne. Mtu ananakili, anazitia kwenye kabati la chuma, anafunga, basi. Mwaka jana diski mbili zilikufa. Ndiyo nikawashauri wanunue mashine mpya. Mashine hino haina sahani ya kuzunguka ndani, haina sindano, haifi ovyo. Kesho saa sita kamili inachukua nakala yake ya kwanza ya kila kitu. Moja inabaki hapa, moja inakwenda Unguja, moja nje ya nchi. Ikimaliza inajifunga miaka kumi. Hafuti mtu, habadilishi mtu."

"Hata weye?" Zubeir aliuliza.

"Hata miye niliyeifunga."

"Sasa kitu hakiibiki, siye twendeani?"

Jabir alicheka puani. Haroub hakucheka. Hapo ndipo palipokuwa na akili yake, na Mungu anajua angekuwa mtu gani kama angeitumia kwenye jambo la heri. Mashine hufunga inachokikuta. Haiulizi kama ni kweli. Asubuhi ya siku hiyo Haroub alimpa Pandu flashi yenye hati kumi na moja za mashamba ya pwani ya Makangale, zimetengenezwa upya, mihuri na sahihi mahali pake, jina la mmiliki tu ndilo limebadilika. Pandu alizitia kwenye seva mahali pa zile za kweli. Hakuzifungua. Mtu hafungui kile asichotaka kukijua.

Kesho saa sita uongo huo ungefungwa kwa kufuli la miaka kumi. Ukweli ungebaki kwenye diski namba nne, kabatini, na si pengine. Hati za karatasi zilikwisha zamani. Mchwa waliingia kwenye sanduku la ushirika, mabaki yakapigwa skani kisha yakatupwa.

"Tunachukua diski zote sita na kompyuta mbili," Haroub alisema. "Tukichukua moja watajua kilichotafutwa. Tukikomba, siye ni wezi wa vyuma tu. Kisha tunakwenda kaskazini, mwenye kazi, huyo anayeitaka pwani, ana boti inasubiri. Diski zinalala baharini."

"Na la mama?" Pandu alisema.

Aliuliza hivyo kwa mara ya nne au ya tano. Shamba namba ishirini na saba, Makangale: mikarafuu kumi na tisa, kisima, na kaburi la babaake chini ya mstafeli. Mamaake, Bi Kijakazi, hakuwa na kitu kingine duniani, na Pandu alikuwa ameuza mashamba ya majirani kumi na mmoja ili asipoteze kazi, kwa sharti moja tu kwamba hilo lisiguswe.

Haroub alimwekea mkono begani. "Halimo. Nishakwambia, yakhe. Miye nimekula kwa mamako."

Kisha akaeleza saa. Ijumaa nne mfululizo alikaa kwenye kibaraza cha kahawa mkabala na ofisi, akihesabu wanaotoka kwenda msikitini: mkurugenzi, wahasibu wawili, karani, Pandu, mwisho askari wa mlangoni, ambaye hufunga na kuondoka na ufunguo. "Saa sita na nusu mpaka saa saba na robo, hamna mtu ndani."

Wote wakatikisa vichwa. Pandu naye akatikisa. Kila Ijumaa alitoka na wanaume wenzake, akijua barabara nani hutoka. Nani hubaki, hakuna aliyejiuliza.

IJUMAA, SAA 6:04 MCHANA

Gari lilikuwa Noah ya kijivu, vioo vyeusi, limeegeshwa nyuma ya ofisi kwenye kivuli cha ukuta. Pandu alikuwa ameaga mapema, kichwa kinamuuma. Simu yake ilitikisika mkononi.

Nakala ya kwanza imekamilika. Imefungwa.

Aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kwenye kikao cha wakurugenzi alisimama mbele ya ubao akawaambia kwamba bakapu ya zamani ni kuweka amana kwenye mtungi wenye ufa. Mkurugenzi alitaka ifungwe miaka mitano. Pandu ndiye aliyeshikilia kumi, kwa sababu Haroub alitaka kumi. Walimpigia makofi. Siku ile, kusema kweli, alijisikia fundi wa haki, na hilo lilimuuma kuliko cheti.

"Vipi?" Haroub aliuliza.

"Tayari."

"Basi kweli imebaki kabatini." Haroub akajiegemeza kitini. "Tusubiri."

Adhana ikasikika. Wakatoka mmoja mmoja: mkurugenzi na kofia yake mpya, wahasibu, karani. Askari akafunga mlango wa mbele, akauvuta mara mbili kuhakikisha, akaondoka akikunja mikono ya kanzu.

"Watano," Haroub alisema. "Na wa sita ni huyu hapa. Ingieni."

SAA 6:33

Mlango wa nyuma haukumchukua Jabir hata dakika. Kabati la chuma lilimchukua tano. Alifanya kazi bila kusema, nondo mkononi, jasho likimdondoka puani. Pandu alizima kamera, akaketi mbele ya kompyuta ya seva. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha tu kwamba nakala imekamilika na kuondoka.

Akahakikisha. Imekamilika. Vidole vikabaki juu ya vitufe.

Ishirini na saba. Aliandika namba ile kama mtu anayejikuna pasipomuwasha. Hati ikafunguka. Shamba lile lile, mipaka ile ile, mstafeli umetajwa, kisima kimetajwa. Mahali pa jina la Bi Kijakazi paliandikwa Kampuni ya Pwani Tulivu. Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba ya mtu asiyemjua.

Na pembeni, kwa maandishi madogo ya kijani aliyoyachagua mwenyewe ili yasiumize macho: imefungwa.

Alijaribu kufuta. Mashine ikakataa. Akatia nywila yake kuu. Ikakataa kwa adabu ileile. Akaivuta chini barakoa aliyojifunika uso, apate pumzi.

"Pandu? Hukwenda msikitini?"

Bi Saada alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha karatasi, kanga ya kusalia kichwani, msala umekunjwa mkononi. Miaka ishirini alikuwa mtunza masjala wa hapo. Kila Ijumaa wanaume wakitoka, hujifungia humo, husali adhuhuri yake, hula chakula chake, hurudi kazini kabla yao. Askari alimfungia mlango kila wiki na hakuona ajabu. Haroub alihesabu Ijumaa nne na hakumhesabu hata mara moja.

"Bi Saada, rudi ndani," Pandu alisema.

"Kuna nini, mwanangu?"

Alikuwa bado anamtazama Pandu. Jabir alikuwa nyuma ya kabati. Pandu hakumwona akitoka mpaka nondo ilipokwisha kushuka. Pigo moja. Bi Saada aliangukia msala wake, na kanga ikaanza kubadilika rangi upande mmoja.

"Kakutambua," Jabir alisema, kama anayeeleza jambo dogo. "Kwa jina." Akaenda dirishani kuchungulia nje.

Pandu alipiga magoti. Bi Saada alikuwa anapumua, kwa taabu. Alitaka kupiga simu. Alitaka kupiga kelele. Alitaka, Mola amsamehe, na lile shamba. Mfuko wa diski ulikuwa wazi karibu na goti lake. Alichukua namba nne, akaisukuma ndani ya shati, akaibana kwa mkanda kwenye tumbo. Ilikuwa ya baridi na nzito kuliko alivyoikumbuka.

"Twende," Jabir alisema.

Akaenda. Alimwacha pale, akaenda.

SAA 6:52

Zubeir aliona mkono wa shati la Jabir kabla hawajafika njia kuu. "Hiyo damu ya nani?"

"Endesha."

"Mmesema hamna mtu. Haroub, si umesema hamna mtu?"

"Alikuwamo Bi Saada," Pandu alisema.

Gari liliyumba. Zubeir alimjua Bi Saada, nani asiyemjua? Akaanza kusoma kitu chini chini, dua au matusi, na mguu wake ukazidi kukandamiza mafuta. Walipita skuli, walipita mashamba ya migomba, barabara ya Konde ikafunguka mbele. Msimu wa karafuu ulikuwa umechanganya. Kila nyumba ilikuwa na majamvi ya karafuu kando ya lami, nyekundu na kahawia, na harufu yake iliingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa.

Haroub, kiti cha mbele, aliuvuta mfuko mapajani. Akahesabu kwa kupapasa. Akahesabu tena.

"Tano," alisema.

Akazigeuza moja moja, akisoma namba.

"Namba nne haimo."

"Namba ishirini na saba imo," Pandu alisema.

Haroub hakugeuka mara moja. Alitazama barabara kidogo, kisha akashusha pumzi, mtu aliyechoshwa na mtoto. "Njia ya gari kwenda ufukweni inapita pale. Bila la mamako, yale mengine kumi hayana thamani. Ungefanya nini weye? Ungekataa. Ndiyo maana sikukwambia."

"Ulikula kwa mamangu."

"Nimekula kwa mama wengi," Haroub alisema. "Itoe."

Jabir alikuwa ameshamkaba Pandu shingo kwa nyuma. Haroub alitoa kisu kidogo, cha kumenyea machungwa, akageuka kitini. Pandu alirusha mguu. Ukampata Zubeir kwenye bega.

Mbele yao, kwenye kona, mtu alikuwa ametandaza jamvi lake mpaka karibu na katikati ya lami. Lilikuwa kubwa. Karafuu za siku nne, zimekauka vizuri, zimebakia kuzolewa tu. Upande wa kulia palikuwa na lami ya kutosha kupita gurudumu moja, ikiwa dereva atakubali kukanyaga jamvi kwa magurudumu mengine. Mwizi yeyote wa kwengine angekanyaga. Zubeir alikuwa amekubali kuwabeba wezi, na damu garini ameivumilia, lakini mamaake alimlea kwa karafuu na bakora, na mikono yake ilifanya iliyofunzwa. Ikakata usukani kulikwepa jamvi la watu.

Mnazi uliwapokea.

SAA 7:18

Kimya kwanza. Kisha honi, haikatiki, kwa sababu kifua cha Zubeir kilikuwa juu yake.

Pandu alitambaa nje kupitia kioo. Jabir alikuwa ameshashuka bondeni na mfuko, anachechemea, anapotea kwenye mihogo. Haroub alisimama barabarani, anakung'uta vumbi kwenye kanzu. Kofia yake ilikuwa bado kichwani.

Watu walikuwa wanatoka msikitini. Walikuja mbio, kanzu wamezikamata mkononi. Mwanamke mwenye jamvi alitangulia.

Haroub aliwatazama watu, akamtazama Pandu, akatazama mikono ya Pandu iliyokumbatia tumbo. Na mtu yule ambaye hakuwahi kusikika akifoka, akafoka.

"Mwizi! Kaua mtu Wete! Ana bastola tumboni, mshikeni!"

Nani asingemwamini? Mmoja alikuwa na kanzu na kofia, Ijumaa, baada ya swala. Mwengine alikuwa na barakoa shingoni na damu ya mwanamke magotini. Walimvamia.

"Si bastola," Pandu alisema. "Ni mashamba. Ni mashamba yenu."

Hakuna aliyesikia, na aliyesikia hakuelewa. Alijikunja kama kamba anayetiwa sufuriani, akaficha diski kwa magoti, kwa viwiko, kwa uso. Kadiri alivyokunjika ndivyo walivyozidi kuamini, na ndivyo walivyozidi kupiga pale pale. Fimbo. Mwichi wa kinu. Jiwe. Vyuma vya kisasa vingevumilia. Alijua, alikuwa amewaeleza wakurugenzi hivyo hivyo. Hii ilikuwa diski ya zamani, sahani ya kioo ndani, na sindano juu yake nyembamba kupita unywele.

Mzee mmoja akawazuia. Wakamgeuza, wakaitoa ile diski shatini, wakashangaa kuona si bastola. Mtu aliitikisa karibu na sikio lake. Ndani yake palilia chengachenga, kwa sauti ndogo ambayo Pandu aliisikia kuliko kelele zote.

Alipoinua kichwa kumtafuta Haroub, barabara ilikuwa tupu upande ule.

JUMATANO, SAA 4:05 ASUBUHI

Kituoni Pandu aliungama yote. Hakubakisha, hata cheti. Inspekta Nyange alikuwa mtu mwenye subira, aliandika kila neno, na alifanya alichoweza.

"Bi Saada alizikwa Jumamosi," alisema. "Zubeir siku hiyohiyo. Jabir hatujampata. Huyo Haroub wako anasema Ijumaa alikuwa kwa shemeji yake, anapanga magodoro, na shemeji yake anasema hivyo hivyo."

"Diski?"

"Mafundi wameifungua. Ni vumbi." Inspekta alizungusha kalamu. "Nimeagiza nakala, zote tatu. Ya Wete, ya Unguja, na ile ya huko nje. Zimeletwa na wataalamu watatu mbalimbali. Zinasema kitu kimoja, herufi kwa herufi. Wanasema mashine hiyo haiwezi kuchezewa."

"Haiwezi," Pandu alisema. "Ilichezewa kabla."

"Nakuamini." Alisema hivyo bila kumtazama. "Lakini mbele ya hakimu nitasimamisha nini? Upande mmoja nakala tatu. Upande wa pili mwizi mwenye cheti cha kughushi, anasema shamba ni la mamaake. Mashahidi waliotia dole kwenye hati ya zamani wametangulia mbele ya haki wote wawili. Majirani zako kumi kila mmoja anadai lake, na kila mmoja ana faida." Akainuka. "Mamako yupo nje. Dakika kumi."

Bi Kijakazi aliingia na kawa lake la chakula, baibui limefifia mabegani, miguu ina vumbi la Makangale. Miaka sabini na tisa. Hakulia. Alikaa kwenye benchi, akafunua chakula: muhogo wa nazi na kipande cha samaki changu. Akakisogeza mbele ya mwanawe, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya.

"Kula."

Hakuweza.

"Wamekuja watu juzi na vigingi," alisema. "Wamekipiga kimoja mlangoni, kimoja kisimani. Kimoja kwa babako, mguuni pake. Nikawaambia ngojeni, miye nina mwanangu fundi wa mashine hizo hizo. Atawaambia." Alimtazama usoni, mahali palipovimba. "Wambie basi, Pandu."

"Nimesema, mama. Hawana la kufanya."

"Basi iambie mashine. Si weye uliyeileta?"

"Haisikii."

"Nani kaifunga isisikie?"

Nje mtu alikuwa anafagia ua. Pandu alisikiliza ufagio mpaka ukafika mwisho wa ua na kuanza kurudi.

"Miye," alisema.

Bi Kijakazi aliinamia sahani. Alitoa mwiba mmoja kwenye samaki, akauweka ukingoni mwa sahani. Akatoa mwengine.

"Muda gani?"

"Miaka kumi."

"Kisha inafunguka?"

"Inafunguka."

Mama aliinamisha kichwa, akaanza kuhesabu kwa vidole, mkono mmoja, kisha mwengine, midomo ikitikisika. Alifika alikofika. Hakusema ni wapi. Akafunika chakula ambacho hakikuliwa, akavuta baibui, akasema kwamba atajitahidi kuwapo, inshallah, na kwamba siku hiyo ikifika Pandu asikawie kuja, maana macho yake hayatoweza kusoma.

"Sitokawia," Pandu alisema.

Akamtazama akitoka na kawa lake. Hakuthubutu kumwambia kwamba siku hiyo kufuli litafunguka kweli, lakini hakutakuwa na hati ya kweli popote duniani ya kutia mahali pake.